Nani Atamrudisha Bwana Harusi?

Kothai aliisikia zumari ikipita mbele ya baraza la nyumba yao, ikaenda, ikazidi kwenda. Katika harusi zote alizowahi kuhudhuria katika mtaa ule wa Kumbakonam, kusini mwa India, zumari haikuwahi kuvuka nyumba ya tatu. Bwana harusi hutoka na mwavuli, bakora na makubazi mapya, akatangaza kwamba dunia imemchosha na sasa anakwenda Kashi, kwenye kingo za Mto Ganga, akawe mtawa. Hupiga hatua chache za maringo. Baba wa bibi harusi humkimbilia na nazi mkononi, akamsihi arudi amwoe binti yake. Watu hucheka, bwana harusi hujifanya anafikiri, kisha hurudi. Hata watoto wadogo wanaujua mchezo huo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mbona inakwenda mbali?" aliuliza.

Wanawake waliokuwa wakimvisha wakatazamana. Mmoja akainama ghafla juu ya maua ya asumini kana kwamba ndiyo kwanza ameyaona.

"Tulia, mwali. Utaharibu mikunjo," alisema jirani yao, mdomo umejaa pini. Sari ya harusi ina yadi tisa, na kila yadi ina ugomvi wake.

"Nauliza, zumari inakwenda wapi? Baba yuko wapi?"

Kothai akaikusanya ile sari kwa mikono yote miwili, akaenda dirishani.

Baba yake, Mzee Varadachari, alikuwa amesimama mlangoni, katikati ya migomba miwili iliyofungwa kwa ajili ya sherehe. Nazi ilikuwa mkononi, lakini miguu haikusogea. Kando yake alisimama Shangazi Ambujam, akimnong'oneza. Na kule mbele, chini ya mwavuli mweusi, ulionekana mgongo wa Sarangan ukizidi kuwa mdogo. Wapiga zumari na ngoma walikuwa wakimfuata kwa mashaka, maana walilipwa kumfuata na hakuna aliyewaambia waache.

Hakugeuka nyuma. Kothai alijua hatageuka.

Miaka mitatu alikuwa amempigania mtu yule. Sarangan alikuwa daktari wa mifugo, na siku ya kwanza alikuja kumtibu ng'ombe wao aliyevimba kiwele. Aliomba maji ya moto. Kothai, kwa kumtazama sana, akamletea kahawa ya maziwa. Sarangan akaitazama ile kahawa, akamtazama ng'ombe, akauliza kwa upole, "Huyu naye anapenda na sukari?" Kothai alicheka hadi akalazimika kushika nguzo ya zizi. Tangu siku hiyo hakuona mwanamume mwingine.

Lakini palikuwa na jambo. Watu wa ukoo wa Kothai hujichora kwenye paji la uso alama ya udongo mweupe inayoishia kati ya nyusi. Watu wa ukoo wa Sarangan huiteremsha alama ile ile kidogo, ikagusa pua. Mungu ni yule yule, hekalu ni lile lile, lakini kwa kijistari kisichozidi punje ya mchele watu hao wamenuniana vizazi na vizazi na kupelekana mahakamani. Na juu ya kijistari hicho alikuwepo Desikan, mtoto wa Shangazi Ambujam. Kwa mila yao, mtoto wa shangazi ana haki kwa binti wa mjomba wake. Mzee Varadachari alikuwa ameshaweka neno mkononi mwa dada yake tangu Kothai anatambaa, hasa kwa kuwa mama wa mtoto alifariki mapema na Ambujam ndiye aliyemlea.

Kothai hakupiga kelele wala hakugoma kula. Kila alipoulizwa alijibu jibu moja: "Simtaki Desikan. Namtaka Sarangan." Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Mwisho baba yake akachoka, akasema, "Haya." Lilikuwa "haya" la mtu anayeng'olewa jino.

Sasa mzee alikuwa amepata mahali pa kulirudisha neno lake bila kutamka kitu. Kothai alilielewa hilo pale pale dirishani, na badala ya machozi, ikamjia hasira iliyotulia.

"Nipisheni," alisema.

"Wapi tena? Bibi harusi hatoki nje kabla ya kuvishana mashada ya maua!"

"Mashada nitavishana na nani, bwana harusi akipanda basi?"

Uani alimkuta Mjomba Sampath, kaka wa marehemu mama yake, akijinyoosha mgongo. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kumbeba bibi harusi begani wakati wa kuvishana mashada, na tangu alfajiri alikuwa akijipaka mafuta ya ufuta viungoni.

"Ala! Mimi nimejiandaa kukubeba, na wewe unakwenda kwa miguu?"

"Utanibeba nikirudi, Mjomba."

"Ukirudi na nani?"

"Na mwenyewe."

Mjomba akamtazama usoni, akasogea kando. "Ni mama yako mtupu," alisema. "Pita, mwanangu."

Alipofika barazani aliisikia sauti ya Shangazi Ambujam waziwazi, maana shangazi huyo hata akinong'ona mtaa mzima husikia.

"Kaka, usiseme neno. Hujamfukuza, hujavunja ahadi. Mila yenyewe imekufungulia mlango. Wewe nyamaza tu, atajiendea."

"Shangazi," Kothai aliita.

Wote wawili wakageuka. Shangazi akaipiga mikono yake pamoja. "Mungu wangu! Rudi ndani! Unatoka barabarani na wanja machoni, watu watasema nini?"

"Watasema bwana harusi aliondoka na nyinyi mlikuwa mmesimama. Hilo wameshaanza kulisema." Akamgeukia baba yake. "Baba, mwite."

Mzee Varadachari akaitazama nazi.

"Baba."

"Sauti haitoki," alisema mzee.

"Haitoki au hutaki itoke?"

"Msemeshe baba yako kwa adabu!" Shangazi alifoka. "Hivi ndivyo nilivyokulea mimi? Nilikukanda mafuta, nikakusuka nywele, nikakesha na homa zako! Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Leo mwana huyo ananirukia kwa ajili ya mtu anayeshinda na mkono ndani ya ng'ombe!"

"Nawe ndiye uliyenifundisha, Shangazi, kwamba kitu usichopewa usikichukue. Leo unataka kunichukua mimi."

"Nakutaka uwe mwanangu! Ni kosa?"

"Mimi ni mwanao tangu zamani. Hukuhitaji Desikan kwa hilo."

Shangazi akaugeukia mgomba wa karibu, akaanza kuikaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

Kothai akasogea karibu na baba yake, akashusha sauti. "Baba, nisikilize. Sitamkimbilia Sarangan peke yangu. Mimi sitaki harusi ya kichochoroni, wala yeye hataki. Aliniambia wazi: sitakuchukua kama mwizi, baba yako aniite kwa kinywa chake. Lakini nawe usijifiche nyuma ya kimya. Kama humtaki, sema humtaki. Piga kelele, watu wote wasikie: mimi Varadachari nimemkataa. Nitavua sari hii, nitakaa nyumbani kwako, nitakupikia hadi nywele zangu ziwe nyeupe. Kwa Desikan siolewi, na kwa mwingine siolewi. Hilo ujue."

"Usiseme hivyo siku ya harusi yako."

"Basi ifanye iwe siku ya harusi yangu."

Kuhani akatokeza kichwa mlangoni, jasho linamtiririka. "Jamani, saa njema inapita! Nyota hazimsubiri mtu!"

Hakuna aliyemjali. Zumari ilikuwa imefika kwenye kona ya bwawa la hekalu, na wimbo ulikuwa umeanza kuyumba. Mzee Varadachari aliisikiliza, kisha akasema polepole, akiwa bado anaitazama nazi:

"Nilikuwa nimejiandaa. Nilishasimama hapa na maneno yote kichwani. Alipopita mbele yangu na ule mwavuli, nikafikiri, nikimwita huyu, ninamwita mtu wa kuja kunitolea mtoto nyumbani. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa Desikan ungekaa nyumba ya pili kutoka hapa. Ningesikia bangili zako asubuhi."

"Kwa hiyo si ile alama ya udongo?"

"Alama gani! Udongo mtu ananawa."

Miaka mitatu walikuwa wamegombana juu ya mstari wa pua, na kumbe mzee alikuwa anaogopa asubuhi zisizo na mlio wa bangili. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumtikisa. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda, na bado hakulegea.

"Nitaondoka, Baba," alisema. "Hilo siwezi kukudanganya. Maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. Nipe mkono, twende wote."

"Twende wapi?"

"Kumwita. Kama sauti haitoki hapa, labda itatoka njiani."

Akamshika mkono, na mzee akamwacha amvute. Wakashuka barazani, wakazikanyaga nakshi za unga wa mchele zilizochorwa mlangoni tangu alfajiri. Wanawake wakashika vichwa. Bibi harusi peku barabarani, yadi tisa za hariri nyekundu zinaburura vumbi, baba yake kifua wazi ana nazi mkononi kama mtu aliyetumwa sokoni! Muuza tambuu wa kona alisahau kukunja jani alilokuwa amelishika. Nyuma yao alikuja Mjomba Sampath akichechemea, na nyuma yake kabisa Shangazi Ambujam akipiga kelele, "Miguu yako! Tazama miguu yako!"

Sarangan alikuwa ameshapita bwawa. Ami yake alikuwa kando yake, uso umemwiva. "Mwanangu, usimame ungoje nini? Wametudhalilisha. Kituo cha basi kile pale, twende zetu."

"Nakwenda, Ami," Sarangan alisema. "Unaona miguu inakwenda."

Ilikuwa inakwenda kweli, lakini mwendo wenyewe ungemchosha hata kinyonga. Makubazi mapya yalikuwa yamemchubua, na kila hatua yalilia kwi, kwi.

"Sarangan!" Kothai aliita.

Mgongo ule ukasimama. Hakugeuka.

"Si sauti ninayoingojea," alisema, akiwa ametazama mbele. "Naipenda kuliko zote, lakini si hiyo. Usinijaribu, Kothai. Nikigeuka sasa, nitakuwa nimegeukia wewe peke yako."

"Usigeuke. Subiri tu. Mzee anavuta pumzi."

Mzee Varadachari alikuwa amesimama katikati ya barabara, kifua kinapanda na kushuka. Kuna maneno maalumu ya Kisanskriti anayopaswa kuyasema baba wa bibi harusi. Alikuwa ameyakariri wiki nzima, na sasa yote yalikuwa yametoroka. Wapiga zumari wakanyamaza.

"Kijana," alisema mzee. "Daktari."

"Naam, Baba."

"Jua kali."

"Kali, Baba."

"Kashi ni mbali. Na chakula cha watawa si kizuri." Akameza mate. "Mimi nina binti mmoja. Kichwa kigumu. Nimejaribu kumshinda miaka mitatu, nimeshindwa. Mama yake hayupo. Kila kitu alichoniachia ni huyu. Sasa mimi... mimi Varadachari, watu wote wasikie... nakuomba urudi. Rudi umwoe mwanangu. Nakuomba."

Sarangan akageuka. Macho yake hayakwenda kwa Kothai kwanza. Yalikwenda kwa mzee. Akauteremsha mwavuli, akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha ndipo akamtazama Kothai, ameroa jasho, wanja umemshuka mashavuni, asumini zimelala upande mmoja, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyerudishiwa roho.

"Na wewe unafikiri nini tena?" Kothai alimuuliza.

"Desturi. Naruhusiwa kufikiri kidogo."

"Ulikuwa na mtaa mzima wa kufikiria!"

Watu wakaangua kicheko. Hata ami wa Sarangan alitoa kitambaa akajifuta uso ili asionekane. Lakini Mzee Varadachari hakucheka.

"Niambie ukweli, daktari," alisema. "Nisingekuita, ungefanya nini?"

"Ningefika kituo cha basi, Baba, nikakaa. Basi la kwanza lingekuja, ningeliacha liende. La pili ningeliacha. Kesho ningekuwa bado nipo pale na mwavuli huu. Nauli ya Kashi sina, na Jumatatu nina ng'ombe wa kuchanja. Ningekaa mpaka uniite."

Mzee alimtazama yeye, akamtazama binti yake. "Mmefanana," alisema kwa kuchoka. "Mungu anisaidie, mmefanana." Akaweka nazi mikononi mwa Sarangan.

Zumari ikapasuka kwa shangwe, na ngoma zikaidaka. Mjomba Sampath akapiga magoti kwenye vumbi, akampandisha Kothai begani, akainuka kwa mguno uliosikika hadi hekaluni. Wakavishana mashada palepale barabarani, watu wakiwainua huku na huku ili kila mmoja amkose mwenziwe, kama ilivyo ada. Mara ya tatu Sarangan alipoinama, Kothai akalitupa shada shingoni mwake na kulishika lisitoke.

Mlangoni Shangazi Ambujam alikuwa amewatangulia. Alisimama na birika la maji, uso umekunjamana.

"Kaa hapo," alimwamuru Kothai. "Bibi harusi gani ana miguu kama mkulima wa mpunga?" Akachuchumaa mwenyewe, akaanza kumwosha miguu kwa nguvu, akisugua kisigino hadi kikauma. "Usidhani nimekubali."

"Sijadhani, Shangazi."

"Nina hasira na wewe. Nitakuwa na hasira hadi mwakani."

"Sawa, Shangazi."

"Nyoosha mguu mwingine."

Kothai akaunyoosha. Matone yaliyodondokea juu ya kidole chake hayakutoka kwenye birika.

Ndani, kuhani aliharakisha mambo, akisoma kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na jogoo. Saa njema ilikuwa imebaki kidogo mno. Mzee Varadachari akaketi, na Kothai akakaa kwenye mapaja yake, maana kwao binti huolewa akiwa amepakatwa na baba. Hakuwa amekaa hapo tangu utotoni. Alishangaa jinsi magoti ya baba yake yalivyokuwa yamekonda.

Sarangan akasimama mbele yao, uzi wa manjano wa ndoa umetandazwa kati ya vidole vyake. Kuhani akainua kidole kuwaashiria wapiga ngoma. Ngoma na zumari zikalipuka kwa pamoja, kwa nguvu zote, kama inavyofanywa siku zote uzi unapofungwa, ili chafya au kilio au neno lolote la nuksi lisisikike. Na kweli kilio hakikusikika. Hakuna mtu ukumbini aliyesikia, isipokuwa Kothai, ambaye hakusikia kwa masikio. Alihisi mgongoni, kifua cha baba yake kikitikisika, kikitikisika, kama cha mtoto.

Sarangan aliona. Alimtazama mzee juu ya bega la Kothai, na mikono yake iliyokwisha kuzunguka shingo ya Kothai ikasita. Fundo likabaki nusu.

Kothai hakugeuka. Aliutafuta mkono wa baba yake, akaubana kwa nguvu juu ya goti lake, akainamisha kichwa ili uzi ukae vizuri.

"Kaza," alimwambia Sarangan.